Jani Lililofungwa Fundo

Jumanne, 3 Juni

Imefika. Alfajiri Daktari Humoud kaingia kitaluni kwetu Warsan, hapa Dubai, na gari lake la ubaridi, kaendesha kutoka kwao Dhofar, Omani, na kabla hajashuka vizuri akaniambia, "Bi Mahfudha, ishike polepole. Hii ni mayatima." Nikacheka nikidhani ni mzaha. Mamake alikuwa Mzanzibari, kwa hiyo Kiswahili chake ni kitamu na mzaha anaujua. Leo hakucheka.

Ni miche ya mti wanaouita damu ya ndugu wawili. Utomvu wake ninaujua tangu utotoni Lamu, vile vipande vyekundu kwenye maduka ya dawa za asili. Sikujua kama una mti, seuze mti unaokwisha. Daktari anasema kwenye milima yao ukame umezidi, na kila kichipukizi kinacholiwa na mbuzi hakipati wa kukirithi. Bondeni kwa babu yake ulibaki mkongwe mmoja, na dhoruba ya mwaka huu imeung'oa. Mbegu alizokuwa ameokota chini yake zamani ndizo hizi: vijiti vya shibiri moja, kila kimoja na shungi la majani membamba. Alikuwa akiilea uani kwake mpaka mbuzi wa jirani wakavunja wigo. Kwetu kuna neti, kuta za maji za kupoza hewa, na feni.

Tuilee mpaka Septemba, ukungu ukiwa bado uko mlimani, kisha irudi. "Ikivuka kiangazi cha Dubai," akasema, "utakuja nasi, mimi na mke wangu, uipande kwa mkono wako." Nimekubali kabla hajafunga mdomo. Msimamizi wa banda la miche ni mimi. Itavuka.

Ijumaa, 6 Juni

Idd. Nimeoga, nimevaa, nimejifukiza, kisha nikaenda kukagua miche na nguo zangu za sikukuu. Junaid wa pampu, mtu wa pwani mwenzangu, kanicheka mpaka kakaa chini.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeletewa msaidizi. Auleria, Mchagga wa Rombo, alikuwa akilea watoto wa madam mmoja Mirdif. Tutakaa naye chumba kimoja huko International City. Ni mrefu, ana sauti ya kuita ng'ombe, na anacheka kabla hajajua kinachochekesha.

Nimempeleka kwenye miche, nikamweleza kwa heshima yote. Akachuchumaa, akashika jani, akapiga ukelele. "Dada Mahfudha! Si isale hili?"

"Isale ni kitu gani?"

"Kwetu limejaa! Tunapanda mpakani mwa shamba. Unakata kijiti, unachomeka, unasahau, linaota lenyewe."

Daktari, ambaye hajarudi kwao bado, akamwambia hakukosea, ni ukoo mmoja, ila huu ni ndugu wa jangwani na hauoti kwa kusahauliwa. Auleria akafurahi kana kwamba kakutana na shemeji. Mimi nikakasirika. Mti unakwisha duniani, halafu mtu anakwambia kwao ni uzio.

Jumatatu, 16 Juni

Marufuku ya kufanya kazi nje mchana imeanza. Kila mtu wa kitalu anajipenyeza bandani kwangu kuiba ubaridi. Nimewafukuza wote, mlango ukifunguliwa sana joto linaingia.

Jumatano, 2 Julai

Joto. Basi.

Ijumaa, 11 Julai

Anaiimbia. Nimemkuta amejiinamia juu ya trei akiimba wimbo wa kanisani na huku anafuta majani vumbi kwa pamba. Nikamwambia, "Yalla, mimea haina masikio." Akajibu, "Hata mbuzi hana, dada, lakini ukimwita anakuja." Mbuzi ana masikio! Nilitaka kumwambia, nikaona nitaonekana mjinga mimi.

Usiku wa jana alipika mtori. Ndizi zimepondwapondwa na nyama, chakula cha mgonjwa. Nimekula bakuli mbili na sikumsifu.

Alhamisi, 24 Julai

Situlii. Nikiwa kitaluni nasikiliza feni, nikiwa chumbani nasikiliza kama ninaisikia feni, na kutoka huku mpaka kule ni mwendo wa basi. Miche ya mwisho wa meza imeanza umanjano. Nimewaza kuihamisha, nikaihamisha, nikairudisha. Junaid anasema nitaiua kwa kuihurumia.

Nimemkalisha Auleria chini. Nimemwambia sheria ni moja: asiondoke bandani bila kumwacha mtu. Banda letu si la kisasa, hakuna king'ora. Feni ikisimama mchana, miche inapikika. "Hata chooni?" akaniuliza. Hata chooni. Nikarudia. Akaapa kwa Mungu wake.

Jumapili, 3 Agosti

Unyevu umezidi, ukitoka nje miwani haioni. Lakini mche wa pembeni, ule mnene, umetoa jani jipya! Auleria kaniita kwa kelele nikadhani moto. Tumekumbatiana, sijui nani alianza. Kaka yake, Kasian, askari wa mlangoni kwenye ghorofa moja huko JLT, alikuwa amekuja kumtembelea. Akatutazama tunarukaruka kwa ajili ya jani, akasema, "Aisee, Dubai imewashinda."

Ijumaa, 15 Agosti



Leo ilikuwa siku yangu ya mapumziko na zamu ya Auleria. Nilikwenda Deira kumpa mtu mzigo wa kwenda nyumbani. Wakati wa kurudi nikaona bora nipitie kitaluni, kwa sababu situlii, Mungu ndiye aliyeniumba hivyo. Getini nikasimama. Kimya. Feni haisikiki.

Nikakimbia. Nilipofungua mlango joto likanipiga usoni kama nimefunua sufuria. Mkanda wa feni umekatika, uko chini. Kuta za maji zimekauka. Na miche, ee Mola wangu, miche imelala. Majani yamelegea yakageuka rangi ya chai. Nikaita, "Auleria! Auleria!" Hapana mtu. Nikachota maji kwa ndoo nikaanza kumwagia sakafu, kuta, neti, mimi mwenyewe. Junaid akatokea anarudi kutoka sala ya Ijumaa, akafunga mkanda wa akiba huku analia kuliko mimi. Feni ikazunguka. Tukabeba trei zilizokuwa karibu na mlango tukazipeleka ofisini kwenye kiyoyozi.

Ndipo akaja yeye. Amevaa kitenge cha sikukuu na viatu vya kisigino, anatabasamu. Kumbe leo ni siku yao kubwa ya Bikira Maria. Kwao siku hiyo hata jembe haliguswi. Alikwenda kanisani. "Nilidhani ni misa moja tu, dada, nirudi kabla..." Akaona trei. Hakumaliza.

Nimesema maneno. Nayaandika kwa sababu nimeyasema na bado nayaamini. Nimemwambia, "Umeua. Umeua ukoo mzima kwa uzembe wako. Usiniite dada. Na salamu yako siitikii tena mpaka nife."

Jumamosi, 16 Agosti

Imebaki trei moja, ile ya mlangoni. Mche mnene umo. Mingine yote ni takataka.

Daktari Humoud kapanda ndege kaja. Nilitaka agombe. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika mche mmoja mmoja uliokufa akauweka pembeni, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Mwisho akasema, "Kosa ni langu. Niliwaweka wote chini ya feni moja." Nikamwambia kosa ni la aliyeondoka.

Jumatatu, 18 Agosti

Simsemeshi. Akiingia, natoka. Chumba chenyewe hakina pa kutokea, kwa hiyo naingia bafuni.

Alhamisi, 21 Agosti

Kanipikia samaki wa kupaka, wa nazi, kajifunza kwa Junaid. Nimekula mkate mkavu. Kafua mtandio wangu. Nimeufua tena.

Jumapili, 24 Agosti

Analala chini bandani mchana, hata siku isiyo zamu yake. Feni ikibadilisha sauti kidogo anaruka. Amekonda. Sikumwambia ale.

Jumatano, 27 Agosti

Nimerudi kazini nimekuta jani juu ya mto wangu wa kulalia. Jani bichi, jembamba, limefungwa fundo katikati.

Kwetu mtu akikuta fundo lililofungwa kwa siri, tena kitandani, haulizi mara mbili. Huyu mwanamke nimemnyima salamu, nimemnyima neno, na amekuwa akinitazama kimyakimya na kusogeza midomo. Sasa nimejua alikuwa akisema nini. Nimesoma sura ya Falaq, nimesoma ya Nasi, nimelipuliza jani, nimelikamata kwa karatasi nikaliweka kwenye chumvi. Nimelala kwa Rosette, Mganda wa chumba cha pili, naye kacheka, kisha alipoliona hakucheka sana.

Alhamisi, 28 Agosti

Vitu hivyo havichomwi, hutupwa maji ya bahari. Nimeomba ruhusa, nimekwenda mpaka Deira, nikapanda abra, ile mashua ya kuvukia, na katikati ya Khor, mkono wa bahari, nikalitupa jani na chumvi yake. Mtalii mmoja alinipiga picha. Nimerudi mwepesi.

Auleria alipoingia chumbani alitazama mto wangu, akanitazama mimi, akaona jani halipo. Uso ukamfunguka. Akasema, "Umelichukua, dada?" Nikamjibu, neno langu la kwanza tangu siku ile: "Nimelitupa baharini." Akakaa kitandani akalia kwa sauti. Nikasema moyoni, ndiyo, umegundulika.

Ijumaa, 29 Agosti

Sasa hili silivumilii. Leo nimekagua trei iliyobaki, maana safari ni wiki baada ya ijayo, na nimeona mche mnene umekatwa jani. Lile lile jipya! Limekatwa kwa mkasi, safi, kumebaki kijisikio. Nikaelewa lilikotoka jani la juu ya mto wangu. Watoto waliosalia wa bonde zima, naye anawakata kufanyia uchawi!

Daktari Humoud amekwishafika kwa matayarisho. Nikamwonyesha. Akavua miwani, akatazama kwa muda. "Moyo wa mche haukuguswa," akasema. "Utapona. Lakini kukata, baada ya yote?" Akaniuliza ninataka nini. "Yuko chini yako, Bi Mahfudha. Ukisema aende, Jumatatu ofisi ikifunguliwa nitawaambia wafute viza yake."

Nikasema aende.

Jumamosi, 30 Agosti

Kasian kaja, na sare yake ya kazi, hakupita hata kubadilisha. Nilikuwa ngazini kwetu na mfuko wa vitunguu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kama umekuja kumwombea, khalas, imepita."

"Nimekuja kuuliza jani liko wapi."

"Lile la uchawi? Liko Khor."

Akashika ukuta. Mtu mzima, askari, akateremka akakaa kwenye ngazi kana kwamba nimemwambia msiba. "Umelitupa majini," akasema. "Dada, lile ni isale."

Akanieleza. Kwao Uchaggani mtu akikukosea kosa kubwa, lile ambalo maneno hayalitoshi, anakuletea jani la isale limefungwa fundo. Halina dua, halina dawa. Maana yake ni: nimeshindwa, nisamehe. Hata watu waliouliana ndugu, isale likifika, wanakaa chini. Tangu babu zao hajaonekana mwenye akili aliyelikataa. "Isale halikataliwi," akasema. "Na wewe umelitia chumvi."

Nikasema basi kwa nini anaweka kitandani kama mwizi? Kwa nini hasemi? Akasema ndiyo, hapo dada yake alikosea, isale halipelekwi na aliyekosa, hutumwa mtu. Alimpigia yeye Kasian simu siku tatu amtume, naye yuko zamu mfululizo. "Ungemsemesha angekwambia. Alikuwa anasema na nani, na wewe unaingia bafuni?"

"Na kwa nini akate mche? Mche ule, Kasian! Hakuna isale jingine mji mzima?"

"Nilimwambia. Kwetu pale mapokezi yako mapipa mawili, ningempa hata mti mzima. Akasema hapana. Akasema waliokosewa ni wewe na miche, na jani litoke kwa aliyekosewa, ndio uzito wake. Alikata huku anaomba radhi." Akanyanyuka akajipangusa suruali. "Sikuja kukushika shati. Ila ujue ulichotupa."

Vitunguu viliniponyoka vyote. Hakuna aliyeniokotea.

Nimekaa nikitazama ukuta mpaka magharibi. Nimelia. Si kwa uchawi niliousingizia tu. Mtu alikuja kwangu na kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo, nami nikakisomea kama najisi.

Jumapili, 31 Agosti

Nimekwenda JLT. Sikumwambia mtu. Nimebadilisha treni vibaya, nimerudi kituo, nimekwenda tena. Kasian alikuwa mlangoni, na nyuma yake, kando ya dawati la mapokezi, miti miwili mirefu ya isale kwenye mapipa meupe, majani mapana yanang'aa. Nimepita kwenye kumbi kama hizo miaka yote bila kuyaona.

"Nikatie moja," nikamwambia.

"Dada, kamera hizo."

"Mimi nimelikataa isale. Sasa mkosaji ni mimi. Nimtume nani kama si wewe, polisi?"

Akanitazama, nikaona anataka kucheka na hajui kama inaruhusiwa. Akaliendea pipa kwa hatua za kikazi. Madam wa mapokezi akauliza anafanya nini. "Napunguza jani lililochoka, madam." Jani lilikuwa bichi kama lilizaliwa asubuhi.

Fundo limenishinda. Jani pana, linateleza, kila nikivuta linapasuka. Kasian akakataa kunisaidia, fundo hufunga mwenye kosa. Akanikataza pia kukaa pale ukumbini, sheria ya jengo, kwa hiyo nimezunguka lile ziwa lao kwenye jua mpaka alipomaliza zamu. Nikazunguka nikilifunga mpaka likashika kwa ubaya wake, nikisema maneno nitakayosema, nikayabadilisha, nikayasahau.

Tumepanda treni pamoja, yeye jani ndani ya kofia yake ya kazi. Mlangoni kwetu akaingia peke yake. Mimi nikabaki ngazini. Nikasikia Kichagga, kisha hatua zikienda na kurudi. Kukaa nikashindwa, kusimama nikashindwa. Nilijua hakuna linalomlazimisha. Yeye ndiye Mchagga, lakini mimi ndiye niliyelikataa kwanza.

Mlango ukafunguka. Kasimama na jani mkononi, macho yamevimba. Akaligeuza huku na huku.

"Fundo gani hili?"

"La mtu wa pwani," nikasema. "Auleria, mdogo wangu, nisamehe. Nilikuogopa nikakuita mbaya."

Akasema, "Limekaa kama kachori, dada." Kisha akanishika shingo, tukalia pale ngazini mpaka Rosette akatoka kuuliza nani kafa.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimefika kwa Daktari Humoud kabla ofisi haijafunguliwa. Nimemweleza yote, jani, chumvi, Khor, JLT. Nilidhani atasema mambo ya kikabila hayo tuyaache. Akaniuliza tu, "Alilikata kuomba radhi kwa mche wenyewe?" Nikasema ndiyo. Akagusa kilemba chake. "Kwetu mlimani mwanamume akikosa kosa zito, huvua kilemba akakiweka chini mbele ya aliyemkosea. Nimeona mara moja tu, kwa babu yangu."

Hakupiga simu. Auleria anabaki.

Jumapili, 7 Septemba

Trei imefungwa kwa safari. Auleria kanipa lile jani langu, limekauka na fundo lake baya. Ananiomba nilizike chini ya mche aliokata. "Yule naye anadai." Nikamwambia twende wote. Akasema hapana, kuna mbegu mpya kwenye meza ya ndani, na feni haiachwi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeuona mlima. Ni mawe, mawe na ukungu juu ya mawe, na baridi iliyonifanya nivae mitandio yote niliyobeba. Bondeni tumepita mkongwe ulioanguka, mizizi juu. Nimeugusa. Mke wa Daktari kasoma Fatiha.

Tumepanda yote, kila mmoja na tundu lake la waya kwa ajili ya mbuzi, nao mbuzi wako juu ya jabali wanatungoja tuondoke. Mche mnene niliuacha wa mwisho. Nikachimba, nikatoa jani la JLT mfukoni.

"Hicho nini?" akauliza Daktari.

Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Halizikwi hapa, Bi Mahfudha. Mmea wa mjini una wadudu wa mjini. Mlima huu hauna nguvu ya kupokea mgeni."

Sikubishana, ana haki. Lakini nilibaki nimelishika, na shimo liko wazi, sijui nitamwambia nini Auleria. Nikalirudisha mfukoni, nikapanda mche na kijisikio chake cha jani, nikashindilia udongo. Nilipoinua uso Daktari alikuwa amepiga magoti upande wa pili. Amevua kilemba. Kakiweka juu ya mawe, mbele ya mche, kichwa chake cha mvi kikilowa ukungu. Mkewe akageuka akatazama mbuzi. Mimi nikainamisha kichwa.

Tulipopata mtandao njiani nimemtumia Auleria sauti, nimemweleza jani lilivyokatazwa na kilemba kilivyovuliwa. Amenijibu kwa sauti. Nyuma yake feni inasikika.

"Na mche, dada, umekubali?"

Nimemwambia, "Isale halikataliwi, mdogo wangu. Nenda kale."